Fimbo ya Msimbu

Jumapili, 3 Machi

Leo pepo wa mama mmoja wa Ruvu hakutaka kutoka. Kaka Tito alimchapa mgongoni kwa matawi ya mpera mpaka majani yakaisha zikabaki fimbo tupu. Ngoma zilizidi, nasi wa kanzu nyeupe tulizunguka tukiimba, "Toka, toka, hapa si kwako." Mwishowe alilia kwa sauti nyembamba, akalala kimya, na kanisa zima likapiga vigelegele. Nami nilipiga. Nilipomwinua, kanzu ilikuwa imemgandia mgongoni kwa damu. Alitabasamu, akasema anajisikia mwepesi.

Mama amesema masika haya niandike kila kinachotupata, kwa sababu Jumapili ijayo tunapokea wageni ambao kanisa letu halijawahi kuwapata. Basi naanza.

Mimi ni Stellamaris, nafundisha Kiingereza sekondari, Mlandizi. Mama yangu ndiye aliyeanzisha Kanisa la Sayuni Mpya hapa Janga, nikiwa mchanga. Kabla ya hapo alikuwa mwanakwaya wa kanisa la misheni. Roho alimshukia katikati ya ibada, akaanguka, akanena kwa lugha, na wazee wakamburuta kwa miguu hadi nje. Hakurudi tena kwao. Sasa watu wanamwita Mama Nabii. Tuna makanisa mawili: hili la Janga analoongoza yeye, na la Msimbu, Kisarawe, analoongoza kaka Tito.

Miaka yote makanisa makubwa yametuita wachawi wa kanzu nyeupe. Sasa Shirikisho la Makanisa ya Mataifa, lenye makao yake Ulaya, linataka kutupokea.

"Watatukalisha mezani kwao," mama aliniambia jioni akimenya viazi. "Mimi niliyetolewa kwa miguu, Stella. Mezani."

Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua.

Jumapili, 10 Machi

Walikuja wawili. Mchungaji Kobelo wa ofisi ya Shirikisho Dar es Salaam, mtu mnene mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Na Mchungaji Birgit, mama wa Kizungu mwenye mvi, aliyevua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Ngoma zilipolia alicheza nasi vibaya lakini kwa moyo, machozi yakimtoka. Watu walimpenda palepale.

Kisha yule mama wa Ruvu akapita mbele yake akicheza, kanzu ikamteleza begani, na Mchungaji Birgit akauona mgongo.

Baada ya chakula aliniomba nitafsiri. Aliuliza nani amempiga mwanamke yule.

"Hatukumpiga yeye," mama alisema. "Tulimpiga aliyemo ndani yake."

"Na mgongo ni wa nani?"

Nilitafsiri. Mchungaji Kobelo akaweka glasi chini. "Mama Nabii, nisikufiche. Shirikisho haliwezi kuwapokea pamoja na fimbo. Hilo halina mjadala."

Kaka Tito alikuwa ameegemea nguzo. "Mchungaji, shule za misheni zilituchapa miaka mingapi? Babu yangu alikufa na makovu ya bakora ya padri. Ni nani aliyezitoa misheni kwenye hilo Shirikisho lenu?"

Nilimtafsiria Birgit. Aliinamisha macho. "Ni kweli. Ilikuwa dhambi, na tumetubu."

"Unaona?" Tito alicheka bila furaha. "Wao wanatubu wakiwa ndani. Sisi tutubu kwanza, ndipo tufunguliwe mlango."

Moyoni niliona kaka amesema kweli. Bado naona.

Mama aliangalia mikono yake. Kisha akasema, "Fimbo zimekwisha. Kuanzia leo, Janga na Msimbu, tutaombea wagonjwa kwa mikono na maji."

"Mama, fimbo ya kwanza nilipewa na wewe."

"Na ninayekunyang'anya ni mimi."

Kaka alichukua kisu tulichomenyea mihogo, akaenda kwenye ngoma kubwa, akakitumbukiza kwenye ngozi na kuichana toka ukingo hadi ukingo. Hakumwangalia mtu yeyote. Akawasha pikipiki, akaondoka kwenye mvua.

Ibada ya kutupokea imepangwa siku ya Pasaka.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza. Bi Zubeda, jirani yetu, ametuletea uji wa futari kama afanyavyo kila mwaka. Barabara ya Mlandizi imekatika vipandevipande.

Alhamisi, 14 Machi

Habari kutoka Msimbu: kaka anahubiri kwamba mama ameuza Roho kwa Wazungu. Vijana wake wamefunga mishipi myekundu viunoni, wanajiita Askari wa Sayuni.

Jumapili, 17 Machi

Tulikwenda Msimbu, mama, mimi na shemasi wetu Khalfani aliyetuendesha. Mama alitaka kusema na waumini mwenyewe. Hatukufika hata mlangoni. Askari wa Sayuni walisimama barazani na mawe mikononi, vijana ambao mama aliwabatiza kwa mkono wake.

"Rudini Janga," mmoja alisema. "Hapa hatutaki manabii wa kununuliwa."

"Wewe mtoto, shikamoo imekushinda?" mama alimuuliza.

Jiwe la kwanza lilimpata Khalfani jichoni. Nilisikia mlio wa jiwe, kama kuvunjika kwa yai. Alianguka magotini, damu ikipita katikati ya vidole. Kijana mwingine akamvuta mama joho lake jeupe, likachanika, akabaki na gauni la ndani mbele ya watu, mzee wa miaka sabini. Kaka Tito alikuwa ndani. Namjua, alikuwa ndani, sauti yake ilikuwa inaongoza wimbo. Hakutoka.

Njia nzima ya kurudi nilimshika Khalfani kichwa nikiendesha kwa mkono mmoja. Tulifika Kiluvya. Hapo mama akasema, "Ameimba vizuri."

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mto Ruvu umeingia kwenye mashamba ya mpunga. Mzee Salumu, mume wa Bi Zubeda, amepoteza shamba lote.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Jicho la Khalfani halitaona tena. Alikuja kanisani na bandeji, akapiga ngoma ndogo. Mama anataka niende Msimbu peke yangu Ijumaa Kuu. "Mwambie Tito sitaki ugomvi. Mwambie aje Pasaka. Namtaka mezani tu."

Jumamosi, 30 Machi, asubuhi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika kifundo. Nitaandika ya jana yote, hata ikichukua asubuhi nzima.

Nilifika Msimbu saa tano. Nilizisikia ngoma toka barabarani. Nje ya kanisa alikuwa ameketi mwanamke kwenye tope, upindo wa khanga ameung'ata kwa meno. Nilimjua, ni Biubwa, ana duka dogo la mafuta ya taa na sabuni pale njiapanda. Nilimwamkia, nikamuuliza kulikoni.

"Mwanangu Shamsia yumo ndani," alisema. "Ana kifafa toka utotoni. Dawa anazo, lakini mwezi huu amefunga, akawa hazinywi mchana, basi wiki hii ameanguka kila siku. Mtumishi Tito akaniambia mlete, ni pepo. Wameniambia nisiingie, eti atanirukia mimi. Dada, baba yake hajui kama tuko hapa. Wamekaa naye tangu asubuhi."

Nilisukuma mlango.

Walikuwa wanne wenye mishipi myekundu, na kaka wa tano. Msichana alikuwa katikati, amepiga magoti, kashikwa mikono huku na huku. Miaka kumi na tisa, mwembamba. Ushungi ulikuwa umemdondoka. Gauni lake la bluu lilikuwa limeloa mgongoni na lilikuwa jeusi pale lilipoloa. Waumini waliokuwa wakizunguka walikuwa wakiimba ule wimbo wangu, wimbo ninaouongoza mimi Janga, toka, toka, hapa si kwako.

Msichana aliinua uso. "Naomba maji," alisema. Aliyasema kwa adabu kabisa, kama mtu aliyebisha hodi kwa jirani.

"Si yeye anayesema," Tito aliwaambia watu. "Msimsikilize." Akainua fimbo.

Nilipita katikati yao nikamlalia yule msichana mgongoni. Fimbo ikashuka kwenye mkono wangu wa kulia, nikausikia mfupa. Kaka alisita. Aliniona.

"Stella, ondoka."

"Kaka, mtoto huyu anaumwa. Anataka maji tu."

"Ondoka, yuko karibu kutoka."

"Kaka Tito, kwa jina la mama."

"Usinitajie mama!"

Wawili walinishika miguu wakaniburuta, kidevu changu kikigonga saruji, mpaka nje kwenye tope karibu na Biubwa, wakafunga mlango kwa ndani. Biubwa alianza kupiga mlango kwa viganja. Mimi nilikwenda dirishani.

Ndipo Shamsia alipoanguka kifafa. Nilimwona akikakamaa, macho yakigeuka, povu. Mtu yeyote aliyewahi kuona kifafa angejua. Lakini wao waliona pepo anapigana kwa mara ya mwisho. Wakamchapa wote watano kwa pamoja, na ngoma zikapanda, nami nikapiga kelele dirishani mpaka sauti ikakauka. Sijui ilichukua muda gani. Kisha mwili ukatulia.

Kanisa zima likapiga vigelegele.

Biubwa alivisikia. Aliacha kupiga mlango. Alinigeukia, na uso wake ulikuwa na matumaini. "Ametoka?" aliniuliza. "Dada, pepo ametoka?"

Jumamosi, 30 Machi, jioni

Wamemzika Shamsia leo mchana baada ya polisi kuuangalia mwili. Sikwenda. Khalfani alipigiwa simu na mtu wa Msimbu: mazishi yalipokwisha, wanaume walitoka makaburini na majembe yao ya kuchimbia wakaenda moja kwa moja kanisani. Baba wa marehemu, Pazi, alikuwa mbele. Walivunja madirisha, wakaingiza matairi, wakawasha. Kijana mmoja wa mishipi myekundu alikutwa nyuma ya choo. Walimpiga kwa mpini wa jembe mpaka taya likaachana. Yuko hai. Mwenyekiti wa kitongoji alimlalia kama nilivyomlalia Shamsia, na yeye walimsikiliza.

Tito ametoroka.

Pasaka, 31 Machi

Mchungaji Kobelo alipiga simu kuwa ibada ya kupokelewa imeahirishwa. Mama alivaa joho lake lililoshonwa, akasimama mbele ya watu, akaketi tena. Khalfani akaomba Baba Yetu, tukaenda nyumbani.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Nimemchukia kaka siku nzima. Nilipochoka nikamchukia mama.

Jumatano, 3 Aprili

Kaka amekuja. Saa tisa mchana, akipitia mashamba yaliyofurika, maji kiunoni. Alikuwa na jeraha la panga toka bega hadi kiwiko, limeanza kunuka. Alisimama ukumbini, maji yakimchuruzika.

"Mama," alisema, "alikuwa anatoka. Nilikuwa namwona anatoka."

Mama akaenda jikoni. Alichemsha maji, akaliosha jeraha, akamfunga kwa kitambaa, akampa ugali na mchicha. Alimwangalia akila mpaka tonge la mwisho. Kisha akasema, "Sasa tunakwenda polisi."

Tito alipiga magoti akamshika miguu. "Wataniua njiani."

"Ndiyo maana tunakwenda wote."

Watu walikuwa wameshajua kuwa yupo kwetu. Pikipiki zilianza kuingia uani, nane, kumi, vijana wa Msimbu na wengine wa hapa hapa Janga niliowafundisha darasani. Walikuwa na mapanga na dumu la petroli. "Mtoeni!" walisema. "Mtoeni au tunachoma na nyumba!"

Mzee Salumu alitoka kwake akiwa amefunga, kanzu yake ya kuswalia bado mwilini, akaja kusimama mlangoni petu. Shamba lake liko chini ya maji, na alikuwa na haki ya kukaa kwake akiomboleza.

"Mzee, pisha," kijana mmoja alimwambia. "Ameua Muislamu ndani ya Ramadhani."

"Nimesikia," Mzee Salumu alisema. "Na wewe umefunga leo?"

"Nimefunga."

"Basi usifuturu kwa damu. Mama yake anampeleka kituoni. Waacheni wapite."

Walipisha kiasi cha mtu mmoja kupita. Mama alitoka amemshika Tito mkono, mimi nyuma yao, Mzee Salumu pembeni. Hawakutumia mapanga. Lakini mawe yalikuja njia nzima mpaka barabara kuu. Moja lilimpata Tito kinywani, akatema meno mawili. Moja lilimpata mama juu ya sikio. Alipepesuka, akaushika ukuta wa duka, akaendelea kutembea. Damu ilimwingia jichoni na hakuifuta, kwa sababu mkono mmoja ulimshika mwanawe na mwingine ulikuwa umemkinga kichwa.

Difenda ya polisi ilitukuta karibu na daraja. Walipomfunga pingu, Tito alimtazama mama kama anayesubiri kitu.

Mama akawaambia askari, "Andikeni na jina langu. Kuchapa pepo nilimfundisha mimi."

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Bi Zubeda ametuletea pilau. Ameweka sahani mlangoni, akaondoka bila kukaa.

Alhamisi, 18 Aprili

Wageni walirudi. Tulikaa ukumbini, maana mama hatoki sana tangu jiwe lile, anasikia mlio kichwani. Polisi walimhoji siku mbili wakamwachia. Ni shahidi.

Mchungaji Kobelo alikuwa amekonda uso. Alisema amepigana kwa ajili yetu mikutano mitatu. Makao makuu yamekubali jambo moja. Mama atoe tamko kwamba tawi la Msimbu lilikuwa limekwisha kujitenga tangu tarehe kumi Machi, kwamba Sayuni Mpya haihusiki na kifo kile. Kisha Pentekoste tutapokelewa.

"Na ni kweli," alisema. "Alichana ngoma mbele yetu. Alijitenga. Mimi ni shahidi."



"Mchungaji," mama alisema, "yule msichana aliuawa kwa wimbo wangu. Kwa fimbo niliyoianzisha mimi, uani hapo. Nikisema Tito si wangu, nani atajibu?"

"Mahakama itajibu, mama."

"Mahakama itamjibu Tito. Na mimi?"

Mchungaji Kobelo alipandisha sauti. "Mama Nabii, miaka thelathini watu wamewatukana! Mlango uko wazi, neno moja tu! Kuna waumini mia nne hapa hawakumgusa mtoto yule. Unawanyima wao kwa sababu ya mwanao?"

Hilo lilimuuma, niliona. Lilinichoma hata mimi. Khalfani, mwenye jicho moja, alikuwa mlangoni.

"Mimi ndiye niliyetolewa jicho," Khalfani alisema taratibu, "na kanisa lile ndilo lililonitoa. Nami sitaki kuambiwa lilikuwa kanisa la watu wengine."

Nilimtafsiria Birgit yote, sikupunguza. Alianza kulia, kisha akajikaza. Alisema babu yake alikuwa mmisionari kwenye milima ya Uluguru, na nyumbani kwao kuna picha yake na bakora mkononi, watoto wamejipanga mbele yake. Kanisa lao lilitoa tamko kwamba nyakati zile zilikuwa nyingine. "Nilisaidia kuliandika," alisema.

Mama aliuliza, "Anasemaje?"

Nilimwambia.

"Mwambie asilie. Mwambie ale, viazi vinapoa."

Wakala. Hawakupata neno lao. Mlangoni Birgit alimpigia mama magoti namna tunavyopiga sisi, akasema shikamoo. Mchungaji Kobelo alikwisha kuingia garini.

Jumapili, 28 Aprili

Shirikisho limeahirisha suala letu bila kutaja tarehe. Mama alipoambiwa alisema, "Haya." Watu sitini wamehamia makanisa mengine.

Jumatano, 8 Mei

Leo ilikuwa arobaini ya Shamsia. Mama alisema anakwenda. Khalfani alikataa kumpeleka, Mzee Salumu alimsihi, mimi nililia. Alifunga khanga mbili, hakuvaa joho, akapanda bodaboda. Nikamfuata kwa nyingine.

Uani kwa Pazi kulikuwa na turubai, wanaume wakisoma hitima upande mmoja, wanawake nyuma ya nyumba kwenye masufuria. Mama alikwenda nyuma. Walipomtambua, mazungumzo yakakatika. Mwanamke mmoja, Mwanahalima, shangazi wa marehemu, aliokota mwiko.

Biubwa alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele. Aliinuka. Amekwisha, mifupa tupu. Alimjia mama akampiga kofi, kisha jingine, kisha akawa anampiga kwa ngumi za kifuani na kichwani, pale pale juu ya sikio lenye jeraha, bila sauti. Mama hakujikinga. Nilitaka kwenda, Mwanahalima akanizuia kwa mwiko. "Mwache," alisema. Mama alianguka magotini. Biubwa aliendelea kumpiga. Nyuma ya ukuta wanaume waliendelea kusoma.

Alimpiga mpaka mikono yake mwenyewe ikamshinda. Akasimama akihema.

"Nilisimama nje," Biubwa alisema. "Nilisikia vigelegele nikadhani mwanangu amepona. Unajua hilo?"

"Najua," mama alisema. Damu ilimtoka puani. "Binti yangu ameniambia."

"Utasema hivyo mahakamani? Hata kama mwanao atafungwa maisha?"

"Nitasema."

"Apa."

Mama aliapa kwa Mungu, jina hilo hilo tunalolitumia wote.

Biubwa alirudi kwenye mkeka. Aliketi, akavuta ungo, akaangalia mchele kama hajui ni kitu gani. Kisha akausogeza ungo kidogo pembeni, nusu mbele yake, nusu mbele ya sehemu tupu ya mkeka. Hakusema karibu. Mama alitambaa kwa magoti mpaka pale, akafuta mikono kwenye khanga, akaanza kuokota mawe kwenye mchele.